Kidevu cha Luc Bauma

Glovu zilikuwa safi. Nsimire alizipasua kwa wembe juu ya meza yake, mbele ya mashahidi wawili kama sheria inavyotaka, akatoa sponji yote na kuivunjavunja kwa vidole. Hakukuta chuma wala jiwe, hata punje ya mchanga hakuikuta. Aliandika hivyo, mashahidi wakatia saini, na mmoja wao akauliza kama angeweza kupewa ile ngozi akaishonee viatu. Nsimire akamwambia ngozi hiyo ni kielelezo, na kielelezo hakivaliwi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi wa nane mwaka 2012, na vita vilikuwa vimemwaga watu Goma kutoka kila upande. Mbele ya kituo cha polisi walisimama vijana wapatao arobaini kutoka kambi ya wakimbizi ya barabara ya Sake. Hawakupiga kelele. Walikuwa wanasubiri waambiwe kama bondia wao atakufa, na Nsimire, ambaye alikuwa ofisa wa upelelezi kwa miaka kumi na moja sasa, alipendelea zaidi watu wanaopiga kelele.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, kulikuwa na pambano la ngumi la kuwachangamsha wakimbizi, kwenye uwanja wa jengo ambalo halijamalizika, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Upande mmoja alikuwa Luc Bauma, mchunga ng'ombe kutoka milima ya Masisi, aliyefika kambini miezi mitatu iliyopita na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwangusha. Upande wa pili alikuwa Rodrigue Kambere, kijana wa mtaa wa Majengo ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwogopa. Raundi ya pili, Kambere alirusha ngumi ya kushoto, ngumi ambayo hata mama mzazi asingemkemea mtoto kwa ajili yake, na Luc akaanguka chali. Kisogo kiligonga mbao za ulingo. Mpaka sasa alikuwa hospitalini, hajafumbua macho vizuri.

Watu mia tano waliona, na watu mia tano walikubaliana: kidevu kama kile hakiangushwi na ngumi kama ile. Basi kulikuwa na chuma. Kama hakikuwa ndani ya glovu, kilikuwa ndani ya bandeji za mikono, na bandeji zilikuwa zimepotea kwenye fujo. Kocha wa Luc, Muzee Honoré, ndiye aliyesema hivyo kwanza, na kwa mambo ya ngumi mjini Goma hakuna aliyethubutu kumbishia.

Mkuu wa kituo, Komanda Julien, hakutaka kumbishia pia. Alimwambia Nsimire kwamba saa kumi alasiri lori litapita kuchukua wafungwa wa gereza kuu, na Kambere atakuwa ndani yake, kwa kosa la kujaribu kuua. Luc akifa, kosa litabadilishwa jina njiani. Kuhusu vijana wa kambi, alisema wakiona mtu anapelekwa gerezani watarudi kula, na watu wa Majengo hawatapata sababu ya kuja kuwakuta. Nsimire alijua kwamba anayeingia gereza lile bila tarehe ya kesi huweza kusahaulika mle mwaka mzima, na wengine hawatoki kabisa. Alitazama saa. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Alianza na mahabusu mwenyewe. Kambere aliletwa bila mkanda na bila kamba za viatu, jicho la kushoto limevimba na kufunga. Nsimire hakumuuliza lolote kwanza. Aliishika mikono yake, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akabonyeza kila kifundo. Anayepiga na chuma mkononi hujiumiza naye pia. Vifundo vya Kambere vilikuwa vizima kabisa.

"Ulimupiga na nini?" akauliza.

"Na mukono, mama."

"Na ndani ya bandeji mulikuwa nini?"

"Mulikuwa mukono."

"Batu bote banasema ile ngumi ilikuwa ndogo."

Kambere alikaa wima kwenye kiti. "Banasema vile ju ya wivu. Nilimupiga muzuri sana. Luc Bauma hawezi kuanguka na ngumi ndogo."

Lilikuwa jibu la mtu mwenye hatia, na lilikuwa jibu la mtu mwenye majivuno pia. Nsimire hakujua bado ni yupi aliyekaa mbele yake. Akamuuliza kuhusu Muzee Honoré, na hapo kijana alitazama chini. Alikiri kwamba miaka minne iliyopita alipita kwenye klabu ya mzee kwa miezi miwili. Mzee alimjaribu kidevu mbele ya wenzake wote, akasema huyu ni yai, arudi kumsaidia mama yake kuuza makala, kama Goma inavyoyaita makaa. Tangu siku hiyo alikuwa akifanya mazoezi Majengo, kwenye ua wa jirani, na gunia la mchanga.

Nsimire akaandika. Kisasi ni kisasi, hata kikiwa cha yai.

"Na ile jicho?"

"Ni vijana ya kambi, kisha Luc kuanguka. Balikuwa bengi."

"Ulianguka?"

"Hapana. Nilikuwa nabaambia babebe Luc kwanza, halafu baendelee na mimi."

Alisema hivyo kama mtu anayesimulia kwamba mvua ilinyesha. Nsimire aliandika hilo pia, ingawa hakuona lingemsaidia nini.

Hospitalini, daktari Marie-Claire alikuwa na dakika tano, akazitumia vizuri. Alimwonyesha taya la Luc: halikuvunjika, halikuvimba, ngozi haikuchubuka. Kama kungekuwa na chuma, alisema, hapa pangekuwa na rangi zote za kitenge. Kisogo ndicho kilichokuwa na uvimbe, wa ule mwanguko. Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua. Luc alipofikishwa Jumapili alikuwa akihema kama mtu aliyekimbia kutoka Sake, alitapika, na kila alipofumbua macho alishika paji la uso, si kisogo. Daktari hakupenda maumivu yanayokaa mahali ambapo hakuna kilichogonga. Alishuku kitu alichokunywa.

Nsimire akamgeukia Bénita, dada yake Luc, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mtoto mmoja mgongoni na watatu sakafuni. Bénita alisema ndiye aliyempa kaka yake maji asubuhi ile, kutoka kidumu kilekile walichokunywa yeye na watoto wote wanne, na wote walikuwa wazima. Chakula kilikuwa ugali wa jana, wamekula sahani moja. Kisha, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana msumbufu, akauliza lini Nsimire ataondoa karatasi yake kwenye mlango.

"Mulango gani, mama Bénita?"

"Ile chumba ya chini, kwa ile jengo. Mwenye jengo alinipatia tulale mule na batoto, hema yetu imepasuka. Tulikuwa tuingie jana magaribi. Tukakuta umefunga."

Nsimire alikumbuka. Chumba kile ndicho mabondia walichotumia kubadilishia nguo, na Jumapili saa tano alikuwa amekifunga mwenyewe kwa kamba na lakiri, mpaka apate mashahidi wa kukipekua, akitumaini bandeji zingekuwa mle. Alimwomba radhi Bénita na kuahidi kwamba leo leo ataondoa lakiri. Alijisikia vibaya kuwalaza watoto wanne kwenye hema lililopasuka kwa ajili ya bandeji.

Klabu ya Muzee Honoré ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mbao huko Katindo, mawe ya volkano yamefunikwa magunia. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa peke yake kwenye tairi. Alikuwa mtu wa Kisangani, mwenye miaka sitini na zaidi, na pua yake ilikuwa imehama mahali pake tangu enzi za Zaire. Hakuwa amelala, na hakuficha kwamba alikuwa amelia.

Nsimire alimwambia habari za glovu, vifundo na taya. Mzee akatikisa kichwa. Alisema hajali vifundo. Yeye anajua videvu. Basi Nsimire, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akamwomba amfundishe jinsi kidevu kinavyopimwa.

Hapo mzee alisahau huzuni kidogo. Alieleza kwamba kila anayeingia klabuni hupewa swali dogo kwanza, kitu cha kwao, labda jina la mto au la mbuzi. Halafu anavaa kofia ya mazoezi na kupigwa ngumi moja na mtu mwenye uzito wake. Watu wote huangalia uso wake. Mzee huangalia miguu. Magoti yakilegea kabla ya kitu kingine, huyo ni yai. Visigino vikielea kisha vikarudi, huyo ni kiazi, na kiazi unaweza kukipika. Lakini vidole vya miguu vikishika chini palepale, kabla mwenyewe hajajua kwamba amepigwa, huyo ni jiwe. Baada ya hapo mzee huhesabu pumzi tatu na kurudia lile swali. Maana kuna mawe, alisema, ambayo husimama lakini ndani hakuna mtu.

"Mutu anaweza kucheka na amekwisha kufa. Miguu haiwezi kucheka, mama. Kwa miaka makumi tatu na tano nimeona mawe tatu. Luc ni ya tatu."

"Swali yake ilikuwa nini?"

"Jina ya ng'ombe yake ya kwanza. Ile vita ilikula." Akapangusa pua. "Alijibu hata sijamaliza kuuliza."

Nsimire alifunga daftari, akalifungua tena. Swali lililomjia lilikuwa dogo, na alishangaa kwamba hakuwa ameliuliza jana.

"Muzee, jana wakati ngumi ya Kambere ilimufikia, miguu ya Luc ilisema nini?"

Honoré alitazama magunia, kama mtu anayeliangalia pambano upya.

"Ilikuwa imelewa," akasema.

"Ililewa na ile ngumi?"

"Hapana. Ngumi ilikuta imelewa."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu alikuwa anapanda ngazi ya ulingo. Alitafuta ngazi na muguu mara mbili. Nikasema ni njaa ya kambi."

"Na raundi ya kwanza alipigwa ngapi?"

"Moja. Kwa bega."

"Sasa ju ya nini haukuniambia hii jana?"

"Jana uliniuliza habari ya ngumi," mzee akasema. "Haukuniuliza habari ya miguu."

Nsimire angeweza kumkumbatia, na angeweza pia kumtia pingu. Watu mia tano walikuwa wameutazama mkono wa Kambere, na mtu mmoja tu ndiye aliyetazama mahali panapofaa, kisha akanyamaza kwa sababu hakuulizwa. Kama miguu ya Luc ilikuwa imelewa kabla ya ngumi, basi chuma hakikuwa na kazi yoyote katika kisa hiki. Na kama kidumu cha maji kilikuwa safi, basi kuna kitu kingine kilichompata Luc kati ya kidumu na ngazi ya ulingo. Ilikuwa saa sita na robo.

Alimtaka mzee aeleze nusu saa ya kabla ya pambano hatua kwa hatua. Luc alishuka kwenye chumba cha chini akiwa mzima, anacheka. Kambere alikuwa mlemle, lakini hakukaa. Yule hawezi kukaa kabla ya pambano, alikuwa akiruka kamba karibu na ngazi mpaka wakamfukuza atoke nje. Kisha Honoré akafunga mlango, akasimama nje kuulinda, kama afanyavyo kwa kila bondia wake.

"Kulinda nini?"

"Anakuwa analala. Ni desturi yangu. Mugongo chini kwa sakafu, miguu juu ya benchi, macho imefungwa, quinze minutes, dakika kumi na tano. Inatuliza moyo. Mabondia yangu yote inafanya vile."

"Na alipotoka?"

"Alisema kichwa inamuuma." Mzee alisimama ghafla kutoka kwenye tairi, ingawa hakujua bado kwa nini amesimama.

Walikwenda kwenye lile jengo kwa pikipiki mbili. Lakiri ilikuwa nzima, kamba haijaguswa, na Nsimire aliwaita fundi mwashi na mama mmoja muuza sabuni washuhudie kabla hajaikata. Ngazi sita zilishuka kwenye chumba kisicho na dirisha. Mwenye jengo alikuwa amekichimba ndani ya mwamba wenyewe wa volkano ili awe na ghala la maharagwe, na kuta zake zilikuwa za mwamba mtupu wenye nyufa zinazopita kidole. Palikuwa na ubaridi mzuri. Kwa mtu anayelala kwenye hema lililopasuka, kilikuwa chumba cha kutamanika.

Akiwa amesimama hakuona kitu. Akawasha taa ya simu, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya benchi. Bandeji za Kambere zilikuwapo, rundo moja, zimekatwa kwa mkasi. Alizivuta na kuzipapasa: kitambaa, plasta, basi. Alitaka kufurahi. Lakini pembeni mwa bandeji walilala mijusi wawili na panya mmoja, matumbo juu, bila jeraha, na mdomoni mwake kukawa na ladha ya uchachu kama amelamba betri. Moyo ulianza kumwenda mbio. Alivuta pumzi ndefu na pumzi haikumsaidia. Alisema atasimama, na magoti yakakataa.

Mzee Honoré, aliyekuwa kwenye ngazi ya nne, hakutazama uso wake. Alitazama miguu. Aliruka chini, akamshika ukosi wa koti na kumpandisha mpaka juani.

Nsimire alikaa juu ya lundo la mchanga akihema, paji la uso likimgonga. Fundi mwashi ndiye aliyelitaja kwanza lile neno, kwa sauti ndogo: mazuku. Kila mtu wa upande huo wa mji alilijua. Ni hewa mbaya inayotoka kwenye mwamba, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, basi inatulia chini kwenye mabonde na kuua mbuzi, na wakati mwingine wachunga mbuzi. Lakini mazuku wanayoijua watu ni ya porini, mahali palipokauka majani, mahali ambapo wazee wamekwisha kuonya watu wasipite. Nani angeitafuta ndani ya nyumba, chini ya benchi, kwenye chumba chenye mlango na kufuli? Luc alikuwa mtu wa Masisi na Honoré wa Kisangani. Hawakuwa na sababu ya kuijua.

Mama muuza sabuni alitoa mshumaa. Nsimire aliufunga kwenye waya na kuuteremsha polepole kutoka mlangoni. Uliwaka kwenye ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Chini ya hapo moto uliinama, ukawa mwembamba, ukazimika. Akauwasha tena. Ulizimika palepale. Mara ya tatu alimwachia fundi mwashi ajaribu mwenyewe, kisha wakachora mstari wa chaki ukutani. Mstari ulipita juu kidogo ya benchi. Aliyesimama chumbani alikuwa na kichwa chake juu ya mstari. Aliyelala sakafuni, macho yamefungwa, kocha wake akimlinda asisumbuliwe, alikuwa mzima mzima chini yake.

Honoré alitazama ule mstari mpaka akauelewa. Kisha alikaa chini kwenye mchanga.

"Ni mimi nilimulaza," akasema. "Nikafunga na mulango."

Nsimire hakutaka kumdanganya. Alimwambia jambo moja la kweli: Luc alitoka mle kwa miguu yake mwenyewe. Mtu mwingine angebaki palepale sakafuni, mzee yuko nje anahesabu dakika. Hiyo ilikuwa kazi ya jiwe.

Halafu akamkumbuka Bénita, mikeka yake na watoto wanne, usiku mzima, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Asubuhi alikuwa ameomba radhi kwa kuufunga mlango ule. Sasa aliishika lakiri iliyovunjika, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alijisikia mtu mwenye bahati. Alimwagiza fundi mwashi aupigilie mlango misumari kabla hawajaondoka, na fundi hakuuliza malipo.

Walifika kituoni saa tisa na dakika arobaini. Lori lilikuwa limekwisha kufika, injini inanguruma, na vijana wa kambi walikuwa wamesogea mpaka kwenye lango. Komanda Julien alisoma karatasi ya Nsimire mara mbili. Aliuliza kama mshumaa ulikuwa mkavu. Aliuliza kama mashahidi walikuwa watu wa Majengo. Nsimire akamjibu kwamba mmoja ni wa Rutshuru na mwingine wa Walikale, na kwamba kama komanda anataka, kesho alfajiri anaweza kwenda kulala mle quinze minutes. Komanda akampigia simu hakimu.

Alikuwa bado anaongea naye wakati simu ya Nsimire ilipolia. Alikuwa Marie-Claire. Luc ameamka, alisema, anataka kula, lakini bado hajamwamini, maana wagonjwa wengine huamka nusu. Alitaka mtu anayemjua amsemeshe. Nsimire akaweka simu kwenye sauti kubwa na kumpa Honoré, pale pale barazani, mbele ya lango na watu wote.

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili. Alihesabu pumzi tatu.

"Luc. Ng'ombe yako ya kwanza ilikuwa inaitwa nani?"

Simu ilikoroma. Injini ya lori ilikuwa inanguruma, na dereva, bila kuambiwa na mtu, akaizima.

"Gaju," ikajibu sauti nzito ya mtu mwenye usingizi. "Ju ya nini unaniuliza tena, muzee? Nimeanguka?"

Vijana wa kambi walisikia. Mmoja alianza kucheka, wengine wakafuata, na kijana mrefu aliyekuwa mbele tangu asubuhi alikaa chini langoni akafunika uso kwa mikono. Honoré alilia bila kujificha. Nsimire aliegemea nguzo ya baraza na kuvuta pumzi, hewa ya kawaida yenye vumbi na moshi wa dizeli, na akaiona tamu sana.

Dakika kumi baadaye Kambere alikuwa mbele ya meza yake. Alirudishiwa mkanda na kamba za viatu, na Nsimire akamsomea karatasi ya kuachiliwa kwake. Bandeji safi. Glovu safi. Aliyeanguka alikuwa amekwisha kudhoofishwa na mazuku, kiasi kwamba ngumi hafifu ya mpinzani isingeweza yenyewe kumwangusha. Akamgeuzia karatasi na kumpa kalamu.

Kambere aliishika kalamu, lakini hakusaini.

"Hafifu ni nini, mama?"

"Ndogo."

"Yaani siye mimi nilimuangusha."

"Siye weye. Njo maana unarudia kwenu."

Kijana alitazama dirishani. Lori lilikuwa bado pale, tupu upande wake mmoja, dereva anakula ndizi. Alitazama karatasi tena. Nsimire, aliyekuwa amekimbia siku nzima na nusura afe kwa ajili ya saini hiyo moja, aliona kwa macho yake kwamba mtu huyu anafikiria kukataa.

"Sijawahi kuangusha mutu," Kambere akasema. "Ile ilikuwa ya kwanza. Mama yangu alikuwa pale, aliona. Sasa nisaini kama ilikuwa ya bule?"

Nsimire alifungua mdomo ili amwambie anavyomfikiria. Lakini Muzee Honoré, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitangulia. Aliingia, akavuta kiti, akakaa mbele ya kijana. Kwanza alimwomba samahani kwa habari ya chuma, na aliiomba kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. Kisha akasema alikuwa na samahani ya pili, na hiyo ilikuwa nzito zaidi.

"Jana ile vijana balikupiga. Benye hasira, bila glovu. Nilihesabu ngumi kumi na saba, halafu nikaacha kuhesabu. Nilikuwa naangalia miguu yako. Ni kazi yangu, siwezi kuacha." Alikishika kidevu cha Kambere kwa vidole viwili, akakigeuza kidogo kwenye mwanga. "Vidole yako ilishika chini. Kila mara. Na kinywa yako ilikuwa inasema, bebeni Luc. Nilikuona, mwanangu, na nikanyamaza, ju nilikuwa nataka ukuwe mwizi. Ile siku nilikuita yai, ulikuwa na miaka kumi na sita na haukuwa umekula. Nilipima vibaya."

Jicho zima la Kambere lilijaa maji.

"Saini," mzee akasema. "Luc akipona, mutapigana tena. Mazuku hatutaialika."

Kambere alisaini, jina lote, kwa herufi kubwa. Kisha akainama kufunga kamba za viatu, akachukua muda mrefu kuliko kamba zinavyohitaji, na Nsimire na mzee wakatazama pembeni. Alipotoka barazani, vijana wa kambi walimfungulia njia. Mmoja wao, mwenye vifundo vilivyochubuka, alitazama jicho lile lililovimba na kuuliza, kwa aibu, ni kitu gani anachokula huko Majengo.

"Makala," Kambere akamjibu, akashika njia ya kwao.